Fridtjof Nansen, Mtu wa Theluji Aliyewatetea Wenye Njaa

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ndugu msomaji, mimi njaa naijua. Mwaka ule wa ukame, nikiwa darasa la tano, nilipanga foleni na nyanya yangu tukingojea mahindi ya msaada. Mahindi yalikuwepo, magunia tuliyaona kwa macho yetu. Lakini wakubwa walikuwa wakibishana ni nani agawe na nani apewe kwanza. Jioni tukarudi nyumbani mikono mitupu. Siku hiyo nilijifunza kwamba chakula peke yake hakitoshi. Lazima apatikane mtu wa kusikizana na kila upande. Ndiyo maana mwalimu wetu wa Historia alipomtaja Fridtjof Nansen, nilitega masikio yote mawili.

Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861, karibu na mji ambao leo unaitwa Oslo, nchini Norwei. Ujanani hakujulikana kwa kazi ya msaada hata kidogo. Alikuwa mwanasayansi, tena mtu wa kupenda baridi! Mwaka 1888 yeye na wenzake 5 walivuka barafu ya Greenland kwa mbao za kutelezea. Mwaka 1895 alifika karibu na Ncha ya Kaskazini kuliko binadamu yeyote anayejulikana kabla yake. Si mchezo. Aliporudi kwao 1896, jina lake lilikuwa vinywani mwa watu Ulaya nzima, na jina hilo ndilo lililokuja kumfungulia milango. Norwei ilipoachana na Uswidi mwaka 1905, alishiriki katika juhudi hizo, kisha akawa mwakilishi wa nchi yake jijini London kuanzia 1906 hadi 1908.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, mamia ya maelfu ya wafungwa wa vita walibaki wamekwama mbali na makwao, wengi wao huko Urusi. Mwaka 1920 Ushirika wa Mataifa ulimwomba Nansen awarudishe. Sasa kulikuwa na kizingiti: serikali nyingi hazikuitambua serikali ya Wabolsheviki, nao Wabolsheviki hawakutaka kushughulika na Ushirika huo. Basi wakakubali kuongea na Nansen mwenyewe. Kufikia 1922, wafungwa zaidi ya 400,000 walikuwa wamerudishwa.

Kisha ikaja njaa ya 1921. Mvua ilikosekana katika bonde la mto Volga, na nafaka ya wakulima ilikuwa imenyang'anywa miaka ya vita. Agosti mwaka huo Nansen alitia sahihi mkataba wa msaada na serikali ya Moscow. Mwezi uliofuata alisimama Geneva kuyaomba mataifa pesa. Yakakataa! Wengi waliogopa ati kuwalisha wenye njaa ni kuwapa nguvu watawala wao. Nansen aliona kwamba mtoto anayekufa njaa hakuichagua serikali yake.

Je, alikata tamaa? Wapi! Alikwenda Volga mwenyewe, akarudi na picha za kutisha, akazunguka nchi nyingi akiwaomba wananchi wachange. Shirika la Wamarekani chini ya Herbert Hoover nalo lilifanya kazi kubwa zaidi, likawalisha watu zaidi ya milioni 10 kwa siku katika mwaka wa 1922. Hata hivyo, watu wapatao milioni 5 walifariki. Wapo pia waliomlaumu Nansen kwamba mkataba wake uliwaachia watawala sauti kubwa mno katika ugawaji. Nikiikumbuka ile foleni yetu, siwezi kuwapuuza. Lakini najiuliza: kama asingeongea nao, angepitia wapi?

Mwaka huo wa 1922 alibuni cheti cha kusafiria kwa wakimbizi wasio na nchi, kilichoitwa pasipoti ya Nansen. Mtu ambaye jana hakuwa na karatasi yoyote, leo aliweza kuvuka mpaka na kutafuta kazi. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka uo huo, na pesa zake akazitumia katika kazi ya msaada. Aliaga dunia tarehe 13 Mei 1930.

Wenzangu, msidhani hadithi hii ni ya mbali. Tangu 1954, Umoja wa Mataifa hutoa tuzo yenye jina la Nansen kwa wanaowasaidia wakimbizi. Mwaka 2023 ilimwendea Abdullahi Mire, aliyekulia katika kambi za Dadaab papa hapa Kenya, kwa kuwapelekea watoto wa kambini vitabu 100,000.

Nyanya yangu hakuwahi kulisikia jina la Nansen. Lakini jioni ile tukirudi na gunia tupu, mtu wa aina hiyo ndiye tuliyemhitaji.