Meazza na Uwanja Ambao Haukuwa Wake

Usiku wa mechi za Ulaya, kwenye ukumbi wa televisheni hosteli, ubishi hauishi. Huyu anasema San Siro, yule anasema Giuseppe Meazza. Jamani, uwanja ni huohuo mmoja, wanautumia AC Milan na Inter. Ila wengi wetu tunalitaja jina la Meazza bila kumjua mwenyewe.

Meazza alizaliwa katika jiji la Milan tarehe 23 Agosti 1910. Baba yake alikufa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mama akamlea kwa kuuza matunda sokoni. Mtoto akakulia kwenye chandimu, peku. Aliipenda AC Milan, lakini walimwona kimbaumbau wakamkataa. Inter wakamchukua. Msimu wa 1929/30, akiwa na miaka 19 tu, alifunga mabao 31, akawa mfungaji bora na Inter wakabeba ubingwa.

Mabao yake mengi ya nyumbani aliyafunga Arena Civica, uwanja wa jiji ambako Inter walikuwa wakicheza. San Siro kwake wakati huo ulikuwa ugenini. Uwanja huo ulijengwa na Piero Pirelli, rais wa AC Milan, ukafunguliwa mwaka 1926. Mwaka 1935 ukauzwa kwa jiji.

Akiwa na Italia, Meazza alitwaa Kombe la Dunia mara mbili, 1934 na 1938, mara ya pili akiwa nahodha. Inasimuliwa kwamba kwenye nusu fainali ya 1938 dhidi ya Brazil, mpira wa kiunoni wa bukta yake ulikatika. Akaishika bukta kwa mkono mmoja, akapiga penalti, ikaingia.

Halafu mguu ukamwangusha. Damu haikupita vizuri kwenye unyayo, akakaa nje kwa zaidi ya mwaka. Mwaka 1940 akavuka kwa watani wa jadi, AC Milan, walewale waliomkataa. Baadaye akapita Juventus, Varese na Atalanta, kisha akarudi Inter kumalizia soka. Akastaafu 1947, na mwaka huohuo Inter wakahamia San Siro. Yaani klabu yake iliingia pale yeye akiwa anatoka!

Alifariki Agosti 1979. Mwaka uliofuata, jiji likaupa uwanja jina lake. Liliweza kufanya hivyo kwa sababu uwanja ulikuwa mali ya jiji, na Meazza alikuwa amevaa jezi zote mbili. Hata hivyo, mashabiki wengi wa AC Milan hadi leo wanasema San Siro, kwao Meazza ni wa Inter.

Mwaka 2025 jiji liliziuzia klabu hizo mbili uwanja huo. Mpango ni kujenga mpya jirani na kubomoa sehemu kubwa ya ule wa zamani. Klabu zina hoja: uwanja ukiwa wako, unapanga mapato yako mwenyewe. Sawa. Lakini mwenye hati ndiye mwenye kutoa jina, na siku hizi majina ya viwanja yanauzwa kama matangazo.

Mtoto wa muuza matunda alipewa uwanja na jiji lake. Wamiliki wapya hawalazimiki kumkumbuka. Sisi walimu watarajiwa tuna la kufanya hapo: tusiache ukuta peke yake utunze jina la mtu. Tulisimulie.