J.M. Kariuki: Kalamu Nyuma ya Seng'enge

Josiah Mwangi Kariuki alizaliwa mwaka 1929 katika Bonde la Ufa, jamaa zake wakiwa maskwota kwenye shamba la mlowezi. Mkoloni alipotangaza Hali ya Hatari mwaka 1952 ili kuvizima vita vya Mau Mau, maelfu walitiwa kizuizini bila kushtakiwa. Kariuki alikamatwa mwaka 1953 na kuachiliwa mwaka 1960, baada ya kupitishwa katika kambi 14, zikiwemo Manyani na Lodwar.

Shabaha ya kambi hizo ilikuwa kumvunja mahabusi hadi aungame kiapo. Njaa, kazi za sulubu na kiboko vilikuwa nyenzo za kuifikia. Kariuki alijitetea kwa kalamu: alipenyeza nje barua za siri za kuyashtaki mateso hayo, naye akachapwa kwa ajili yake. Mwaka 1963 alichapisha kumbukumbu zake, zilizotafsiriwa baadaye kwa Kiswahili kama Mau Mau Kizuizini. Humo anasimulia ukatili pasipo chuki, na askari muungwana hanyimwi haki yake.

Machi 1975, akiwa mbunge aliyewatetea maskini, aliuawa. Maiti yake ilipatikana Ngong. Aliyenusurika kambi za mkoloni hakunusurika katika Kenya huru.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba mahabusi waliteswa, ikakubali kuwafidia waathiriwa 5,228. Kariuki alikuwa ameyaandika hayo miaka 50 kabla.