Siti binti Saad naye alifundishwa kuimba, sembuse mimi wa Nanyamba!

Mliopo kafe najua dakika zinakatika, kwa hiyo sizunguki. Juzijuzi nilikuwa karibu kuacha kuimba kabisa. Aliyenirudisha ni bibi mmoja aliyefariki kabla wazazi wangu hawajazaliwa.

Iko hivi. Nilipomaliza fomu foo nilibaki hapa hapa Nanyamba, nikawa naimba kwenye maharusi. Korosho zikiuzwa, sherehe ni mfululizo. Spika mbovu, watu kibao, mi napiga kelele ili nisikike. Siku moja sauti ikakauka, ukabaki mkwaruzo tu. Mzee mmoja anayefundisha kwaya akasema nije kwake peke yangu, mara mbili kwa wiki, anifundishe kuimba. Washkaji wakanicheka ile mbaya. Eti kuimba ni kipaji, unafundishwaje kama mtoto wa chekechea? Nikaona aibu, sikwenda.

Ndipo nikakutana na maisha ya Siti binti Saad.

Bibi huyu alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880. Baba Mnyamwezi, mama Mzigua, watu wa hali ya chini kabisa. Hata jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Shule hakwenda. Alijifunza kufinyanga vyungu kutoka kwa mama yake, akawa anavibeba kichwani kwenda kuviuza huku akinadi kwa kuimba. Sauti yake ilikuwa inafika mbali, watu wanamjua kabla hawajamwona.

Sasa hapo wengi tungesema yametimia, kipaji kipo, kilichobaki ni kutoka tu. Yeye hakufanya hivyo. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akakutana na mwanamuziki Muhsin Ali. Jamaa alipomsikia alikubali kumfundisha: uimbaji, na Kiarabu, maana taarab ya wakati ule iliimbwa kwa Kiarabu. Siti alikuwa mtu mzima wa miaka kama 30, mwanamke wa shamba asiyejua kusoma, akakaa chini akafundishwa. Hakuona haya.

Na wala hakuwa wa kwanza. Huko nyuma, Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim aende Misri kujifunza muziki na kupiga kanuni. Kumbe hata kwenye jumba la mfalme walijua kwamba muziki una mwalimu wake!

Matunda yake mnayajua. Siti aliimba na kina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruk na Maalim Shaban, akaileta taarab kwenye Kiswahili. Aliwaimbia wakubwa, na aliwaimbia akina yahe wa Ng'ambo habari za maisha yao, pamoja na dhuluma walizofanyiwa wanawake. Waliomsema kwa sura na ukoo wake wakanyamaza. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi santuri za HMV, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Alifariki tarehe 8 Julai 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti.

Nilipomaliza kusoma nikajiuliza: kama Siti alihitaji mwalimu, mimi ni nani? Kesho yake asubuhi nikabisha hodi kwa yule mzee.

Wiki ya kwanza hakuniruhusu kuimba hata wimbo mmoja. Ni kupumua tu, hewa iingie chini mpaka tumbo litanuke, mabega yasipande. Akanieleza kwamba kooni kuna kamba mbili za sauti zinazogongana mara mamia kwa sekunde unapoimba. Ukilazimisha kwa kukaza koo zinavimba, ndiyo mkwaruzo huo. Kwa hiyo kabla ya kazi ni kuvumisha kwa midomo iliyofumbwa, taratibu, kupasha sauti moto. Maji kunywa siku nzima, siyo dakika ile unapopanda jukwaani. Ukichoka, nyamaza kabisa. Kunong'ona hakupumzishi koo. Na mkwaruzo ukizidi wiki 3, nenda hospitali, usijitibu kwa tangawizi tu.

Kwa nini awe mwalimu wa mtu mmoja mmoja? Kwa sababu kwenye kundi kosa lako linajificha. Yeye alisikia kwa siku moja tu kwamba naimba juu ya kimo changu. Ameshusha nyimbo zangu kidogo, na Jumamosi iliyopita niliimba harusi nzima, nikaamka na sauti yangu.

Washkaji bado wananicheka. Poa tu. Fumba na Nanyamba zote shamba, lakini aliyekubali kufundishwa alifika Bombay.

Je mdau, wewe unasemaje: kipaji kinatosha au hakitoshi? Tupia maoni hapo chini. Nawasilisha.