John Newton: Toba Iliyozaa Furaha

Na Katibu wa Kwaya

Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, Mungu aliwaagiza wana wa Israeli kuutakasa mwaka wa hamsini. Baragumu lilipigwa, na waliokuwa wamejiuza kwa sababu ya umaskini wakarudi kwao wakiwa huru. Huo ndio mwanzo wa neno yubile. Basi katika yubile ya kwaya yetu imefaa tumkumbuke mtunzi wa wimbo wa neema ya ajabu, ambao karibu kila mmoja wetu anaujua kwa moyo. Mtunzi huyo, kabla ya kuwa kasisi, alikuwa mfanyabiashara wa watumwa.

John Newton alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1725. Baba yake alikuwa nahodha wa meli. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mcha Mungu, akamfundisha Maandiko na tenzi akitumaini kwamba siku moja mwanawe angehubiri. Lakini mama alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka saba. Akiwa na miaka 11 alianza kusafiri baharini na baba yake, na kidogo kidogo aliyofundishwa yakamtoka. Alipokuwa kijana aliidhihaki imani waziwazi, akawavuta na wenzake waiache.

Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu na kuingizwa katika jeshi la wanamaji. Alitoroka, akashikwa, akachapwa viboko mbele ya mabaharia wote. Baadaye alihamia meli ya watumwa na kufika pwani ya Sierra Leone. Huko alimtumikia mfanyabiashara wa watumwa katika visiwa vya Plantain, akaugua homa na kushinda njaa. Watumwa waliofungwa minyororo ndio waliomhurumia, wakamgawia kwa siri chakula chao kidogo. Tulikumbuke jambo hilo tunapoendelea.

Mwezi Machi 1748, akiwa njiani kurudi Uingereza katika meli iliyoitwa Greyhound, dhoruba kali iliwapiga usiku. Ubavu wa meli ulivunjika na maji yakaingia. Newton alipiga pampu mpaka akachoka, kisha akashika usukani saa nyingi. Humo ndimo alimwomba Mungu rehema kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Baada ya majuma manne walifika Ayalandi wakiwa hai. Tangu hapo aliiadhimisha siku ile kila mwaka hadi uzeeni.

Wasimulizi wengi huishia hapo, kana kwamba dhoruba ilimaliza yote. Ukweli ni kwamba mwaka ule ule alirudi katika biashara ya watumwa, na kati ya 1750 na 1754 aliongoza safari tatu akiwa nahodha. Jumapili aliwakusanya mabaharia kwa ibada juu ya sitaha. Chini ya sitaha hiyo hiyo walilala Waafrika waliofungwa pingu, ndugu wa wale waliomlisha. Aliposhuku kwamba wanapanga kuasi, aliwabana vidole gumba kwa vyuma ili waseme. Alikuwa amempokea Bwana, lakini kazi yake alikuwa bado hajaileta mbele za Bwana.

Mwaka 1754 ugonjwa wa ghafla ulimfanya aache safari za bahari. Alifanya kazi ya ushuru bandarini Liverpool, huku akijisomea Kigiriki na Kiebrania. Mwaka 1764 alitawazwa na kupelekwa Olney, mji mdogo wa maskini wafuma lesi. Pamoja na rafiki yake William Cowper, mshairi aliyesumbuliwa na huzuni nzito, alitunga nyimbo za maneno mepesi kwa ajili ya watu hao. Wimbo wa neema ulitumika katika ibada ya Mwaka Mpya 1773. Mwaka 1779 nyimbo zao 348 zilitolewa kitabuni. Tuni tunayoiimba leo iliunganishwa na maneno hayo Marekani mwaka 1835. Mtunzi mwenyewe hakuwahi kuusikia wimbo wake kwa tuni hiyo.

Sasa tuhesabu miaka. Wimbo ulikuwa umeimbwa miaka 15 kabla Newton hajasimama hadharani kuhusu watumwa. Mwaka 1788, akiwa kasisi anayeheshimiwa London, alichapisha kijitabu akaeleza aliyoyaona na aliyoyatenda, akikiri aibu yake. Nakala zilipelekwa kwa wabunge, naye akatoa ushahidi mbele yao. Alimtia moyo pia mbunge kijana, William Wilberforce, aliyekuwa amemjia mwaka 1785 akifikiria kuacha siasa. Mwezi Machi 1807 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo. Newton alifariki tarehe 21 Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 82.

Waliomjua uzeeni walimkuta mzee mchangamfu, mwenye mzaha, nyumba yake ikiwa wazi kwa wageni. Hakuwa na la kuficha tena. Maneno ya kaburi lake aliyaandika mwenyewe, akataja kutoamini kwake na unyonge wake wa Afrika, na kwamba Yesu alimsamehe.

Matunda yake yalifika hata kwetu. Kutoka katika kikundi cha makasisi alichosaidia kukianzisha mwaka 1783 ilizaliwa CMS mwaka 1799, iliyomtuma Krapf Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1875 CMS ilianzisha Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa. Kengele yake ipo hadi leo, na mahali pale panaitwa Kengeleni.

Wapendwa wanakwaya, Zakayo alipompokea Yesu kwa furaha, alisimama akarudisha alichonyang'anya. Kabla ya kuimba juu ya sitaha, tuangalie kilicho chini yake: mshahara wa mfanyakazi uliocheleweshwa, deni lisilolipwa, ndugu tusiyesemezana naye. Yubile ni wakati wa kufungua pingu hizo. Tukizifungua, furaha tunayoiimba itakuwa yetu kweli.

Heri ya yubile, na Mungu awabariki.