Andy Varipapa

Andy Varipapa (31 Machi 1891 – 25 Agosti 1984) alikuwa mchezaji wa bolingi nchini Marekani, mzaliwa wa Italia. Katika mchezo huo mtu huvingirisha tufe lisilozidi kilo 7.26 ili kuangusha pini 10.

Maisha

Alizaliwa Carfizzi, Calabria, akahamia New York pamoja na familia yake. Alipata sifa kwa mitupo ya maajabu, na mwaka 1934 alionekana katika filamu fupi Strikes and Spares, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 55, alishinda mashindano ya All-Star, akashinda tena mwaka 1947.

Ugumu wa mchezo

Kwa kanuni za sasa, pini moja ina uzito wa kilo 1.53 hadi 1.64. Tofauti ni ndogo, lakini pini nzito hulisukuma tufe kando zaidi na kulipunguzia mwendo. Katika mtupo bora tufe hugusa pini 4 tu. 6 zilizobaki huangushwa na pini nyingine. Hivyo pini zikiwa nzito, kosa dogo la shabaha huacha pini zimesimama.

Uzeeni

Alipopata maumivu ya kifundo cha mkono wa kulia, akiwa na miaka 78, alianza kutupa kwa mkono wa kushoto. Baada ya muda alifikia wastani wa pointi 180, wakati alama ya juu kabisa ni 300.