Mama Seacole na Michango Yake Miwili

Kila mwaka tunapoadhimisha Uhuru, jarida letu hutenga ukurasa wa mtu mmoja wa zamani. Mara nyingi tumewakumbuka wapigania uhuru wa nyumbani. Safari hii tumemchagua mama ambaye si wa kwetu, ingawa baadhi yetu tunampita kila tunapoingia zamu. Sanamu yake ya shaba imesimama katika bustani ya hospitali ya St Thomas' jijini London, ng'ambo ya mto mkabala na Bunge, tangu Juni 2016. Anaonekana akitembea kwa hatua ndefu, kama mtu anayewahi mgonjwa. Ni Mary Seacole.

Tumemchagua kwa sababu mwaka huu vikao vyetu vimetawaliwa na suala la mfuko wa kuwasaidia wenzetu waliougua au waliokosa pa kukaa. Maisha ya mama huyu yana funzo juu ya michango ambalo kamati yetu ingefaa kulijua mapema.

Alizaliwa Kingston, Jamaica, mwaka 1805, utumwa ukiwa bado haujakomeshwa kisiwani, ila yeye alizaliwa huru. Baba yake alikuwa askari Mskoti. Mama yake alikuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Blundell Hall, na pia alikuwa mganga wa mitishamba. Wanajeshi waliougua homa walikwenda kuuguzwa kwake. Binti alijifunza kazi humo humo. Aliolewa na Edwin Seacole mwaka 1836. Mwaka 1843 moto uliteketeza nyumba ile, mwaka uliofuata akafiwa na mume, na muda si mrefu na mama mzazi. Nyumba ilijengwa upya, kazi ikaendelea. Mwaka 1850 aliuguza wagonjwa wa kipindupindu Jamaica, mwaka 1851 Panama, ambako naye aliugua akapona. Homa ya manjano ilipoingia Jamaica mwaka 1853, wakuu wa jeshi walimwomba asimamie uuguzi katika kambi yao ya Up-Park.

Mwaka 1854 Uingereza, Ufaransa na Uturuki zilikuwa vitani na Urusi huko Crimea. Mary alikuja London kuomba apelekwe kuuguza askari, wengine akiwa anawajua tangu Jamaica. Alibisha hodi wizarani, akabisha hodi kwa waliokuwa wakiwatafutia kazi wauguzi wa Florence Nightingale, na kote akaambiwa hakuna nafasi. Alishuku kwamba rangi yake ilichangia. Hapa wenzetu waliowahi kuzungushwa na vyeti vyao mkononi hawahitaji maelezo zaidi.

Basi alijilipia nauli. Kwa ubia na Thomas Day alisafirisha bidhaa hadi Crimea, na karibu na Balaclava wakajenga British Hotel, kwa mbao zilizookotwa, masanduku ya mizigo na mabati. Ilifunguliwa mwaka 1855. Aliuza chakula, vinywaji, nguo na dawa. Bandarini aliwapa chai majeruhi waliokuwa wakisubiri meli za kuwapeleka hospitali, na mapigano yalipotulia alikwenda uwanjani na bandeji zake. Wapo wanaosema alikuwa mfanyabiashara tu, si muuguzi. Sisi tunaona alikuwa vyote viwili. Mgonjwa asiye na kitu alitibiwa, ofisa mwenye fedha alilipa, na hivyo ndivyo duka lilivyoweza kulisha hisani yake.

Amani ilikuja Machi 1856, ikamfilisi. Ghala lilikuwa limejaa, wanunuzi wakapanda meli, na waliokopa wakaondoka na madeni yao. Alirudi London afya ikiwa imedhoofika, na Novemba mwaka huo akafikishwa katika mahakama ya mufilisi. Mama aliyewalisha askari akawa yeye ndiye wa kusaidiwa.

Waliokuwa askari hawakumsahau. Magazeti yalimwombea, wakubwa wa jeshi wakaunga mkono, na Julai 1857 yakaandaliwa maonyesho ya siku nne katika bustani za Royal Surrey jijini London. Bendi za jeshi zilikuwa 11, wasanii zaidi ya 1,000, na watu wapatao 40,000 walihudhuria. Tunaambiwa jina lake lilishangiliwa mno. Lakini gharama za maonyesho zilikuwa kubwa, na kampuni yenye bustani ikafilisika mara baada ya sherehe. Kilichomfikia Mama Seacole kilikuwa pauni 57.

Tulipolisoma jambo hili kikaoni, ukumbi ulikuwa kimya kidogo. Nasi tumewahi kuchanga kwa shangwe, wali na muziki hadi usiku wa manane, na tulipomaliza kulipia ukumbi, bahasha iliyokwenda kwa mgonjwa ilikuwa nyembamba. Kwenye msiba huwa tunafanya vizuri zaidi, maana mchango wa msiba unakwenda moja kwa moja kwa wafiwa.

Mwaka huo huo alitoa kitabu cha maisha yake, kikanunuliwa vizuri, ila dhiki haikwisha. Mwaka 1867, miaka 10 baada ya maonyesho yale, mfuko wake ulifufuliwa kwa namna nyingine. Safari hii walikuwepo walezi wenye majina, akiwemo mwana wa mfalme mrithi wa kiti, na Malkia Victoria mwenyewe aliuridhia. Fedha zilimfikia. Alinunua kiwanja Kingston katika mtaa wa Duke, karibu na mahali pa Blundell Hall, akajenga nyumba yake ya kuishi na nyingine kubwa zaidi ya kupangisha. Tungependa mlitafakari hilo la nyumba ya pili. Waliomsaidia walimwezesha kuwa na paa, na paa lile likawa na kodi ya kumlisha.

Baadaye alirudi London, na huko alikuwa akimkanda viungo binti mfalme wa Wales aliyesumbuliwa na baridi yabisi. Alifariki Paddington tarehe 14 Mei 1881, akaacha mali ya zaidi ya pauni 2,500. Kwa mtu aliyekuwa mufilisi miaka 25 kabla, si haba.

Tuliporudi nyumbani usiku ule, baadhi yetu tuliwazungumzia babu zetu wa KAR waliopigana Burma. Wengi wao walizeeka bila kiinua mgongo cha maana, na bila bendi hata moja.

Mama Seacole alizikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya St Mary's, Kensal Green, magharibi mwa London. Kaburi lake lilisahaulika hadi mwaka 1973, wauguzi na Wajamaika waishio Uingereza walipolitafuta na kulitengeneza upya. Kwa michango.