Daktari Ward na misitu ndani ya chupa

Wasomaji wetu, wengi wetu tuishio ughaibuni tumewahi kununua mmea wa majani mapana, tukauweka sebuleni utukumbushe nyumbani, na kabla baridi haijakwisha majani yakakauka ncha na kupukutika. Leo tumeona tumkumbuke mtu aliyefikwa na msiba kama huo miaka karibu 200 iliyopita, naye ni Dk. Nathaniel Bagshaw Ward wa London.

Ward alizaliwa mwaka 1791, mtoto wa daktari. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alipelekwa kwa meli hadi Jamaica, na huko mimea ya nchi za joto ikamwingia moyoni. Aliporudi alisomea udaktari, kisha akashika kazi ya baba yake katika uwanja wa Wellclose Square, mashariki ya London, karibu na gati za meli. Uani kwake alipanda makangaga, nayo yakafa. Maji aliyatia na udongo ulikuwa mzuri, lakini hewa ya mji ilikuwa imejaa moshi wa makaa ya mawe.

Mwaka 1829 alichukua kiwavi cha nondo kilichokwisha kujifungia ndani ya ganda, akakifukia katika udongo mbichi ndani ya chupa yenye mdomo mpana, akaifunika. Alitaka tu kumwona nondo akitoka. Badala yake akaona kuwa mchana mvuke ulipanda kutoka udongoni, ukaganda kwenye kioo, kisha ukarudi chini kama umande. Baada ya muda likachipua kangaga dogo pamoja na jani moja la nyasi. Mimea hiyo iliishi karibu miaka 4 bila kumwagiwa maji, ikafa pale kifuniko kilipopata kutu na maji ya mvua yakaingia.

Hapo daktari akafahamu kuwa mmea hautaki mkono wetu kila saa, bali unataka hewa yake. Akatengeneza masanduku ya mbao na vioo, akisaidiwa na akina Loddiges, wauza miche mashuhuri wa Hackney. Mwaka 1833 alipeleka masanduku mawili hadi Sydney, Australia, na mimea ikafika hai. Masanduku yakajazwa mimea ya huko, yakarudi kwa njia ya ncha ya kusini ya Amerika, yakipita katika joto kali na theluji, na mwaka 1834 yakafika London mimea ikiwa na afya. Kabla ya hapo, mimea mingi iliyosafirishwa baharini ilikufa kwa chumvi na upepo.

Sanduku hilo lina pande mbili, na hatuna budi kuzitaja zote. Ndilo lililoleta majani ya misituni kwenye madirisha ya Ulaya. Lakini ndilo pia lililotumika kuchukua miche ya chai kutoka China kwenda India, na mwaka 1876, Ward akiwa amekwisha kufariki, likasafirisha miche ya mpira iliyooteshwa London kwa mbegu za Brazil hadi Sri Lanka. Baadaye biashara ya mpira ikahama, na Brazil ikapata hasara kubwa.

Mwenyewe Ward hakuificha siri yake. Mwaka 1842 alichapisha kitabu kueleza kila kitu, na humo akawafikiria hata maskini wa mijini, nao wapate kijani nyumbani mwao. Alifariki mwaka 1868.

Kwetu sisi mafunzo yapo. Adui wetu leo si moshi, bali ukavu wa vyumba vinavyopashwa joto. Ule mmea wenye majani mazito yanayong'aa uitwao Zamioculcas, ambao asili yake ni pamoja na pwani yetu ya Afrika Mashariki, huvumilia kwa kuwa huweka maji chini ya shina. Makangaga hayawezi. Yatieni ndani ya chombo cha kioo chenye kifuniko, mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua, na kioo kikilowa kutwa nzima, fungueni kidogo. Mgeni naye hustawi akipata japo hewa kidogo ya kwao.